Maswali yenu: "Nilihamia sigara nyepesi, si bora kuliko ile kali?"

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba mapafu hayajui nyepesi wala kali, nikaendelea na mambo mengine. Basi barua zilizokuja! Wengine mmekasirika, wengine mmeogopa, na wengi mnasema kitu kile kile, kwamba mlihama kutoka sigara kali kwenda nyepesi kwa sababu mnajali afya zenu, sasa iweje nije niwaambie hamkufanya kitu. Naomba leo safu yote iwe ya hilo. Na niseme mapema kwamba mimi mwenyewe nilivuta hizo nyepesi miaka 9 kabla sijaacha, kwa hiyo ninayoyaandika hapa siyasemi nikiwa nimekaa mbali.

Dada, habari za kazi. Nilivuta sigara kali miaka saba, kikohozi cha asubuhi kikanitisha nikahamia laiti, yaani hizo nyepesi, sasa naingia mwaka wa tatu. Koo haliwashi tena na kifua nakisikia chepesi kabisa. Unaposema ni zile zile unanichanganya, mbona mwili wangu mwenyewe unaniambia tofauti? Alafu pakiti ya zamani ilikuwa imeandikwa kabisa lami kidogo, nikotini kidogo. Inamaanisha waliandika uongo?

Dada yangu, mwili wako haukudanganyi kuhusu koo. Koo kweli linapata unafuu, moshi wa hiyo sigara ni laini zaidi ukipita, hilo sikatai hata kidogo. Shida ni kwamba tumelipa koo kazi ya kuhukumu kwa niaba ya mapafu na moyo, na koo hiyo kazi haliiwezi.

Chukua sigara yako, ukate ile karatasi inayozunguka filta, uifungue uinyooshe kisha uitazame kwenye mwanga. Kwenye sigara nyingi za aina hiyo utaona mstari wa vitundu vidogo sana vinavyozunguka, vingine vidogo mpaka jicho linapata tabu kuviona. Hivyo vitundu ndo wepesi wenyewe wa sigara yako. Tumbaku ndani ni ile ile, nikotini iliyomo ndani ya tumbaku ni ile ile, kwenye sigara moja ni kama miligramu 10 au zaidi, iwe imeitwa nyepesi iwe imeitwa kali, na mvutaji anachukua mwilini kama miligramu moja hivi. Kilichobadilika ni kwamba unapovuta, hewa ya nje inaingia kupitia vile vitundu inachanganyika na moshi, ndo maana unakuja ukiwa umepoa na haukwaruzi.

Sasa zile namba za kwenye pakiti, za nikotini na za lami, yaani ule uchafu wa kunata uliomo kwenye moshi. Zilikuwa zinatoka kwenye mashine. Marekani walianza kupima hivyo mwaka 1967, mashine inashika sigara, inavuta mililita 35 kwa sekunde mbili, inasubiri dakika iishe, inavuta tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mashine haina hamu, haijaamka asubuhi ikiwa na arosto, haina midomo wala vidole vya kuziba vile vitundu, kwa hiyo inavuta hewa nyingi na moshi kidogo na namba inatoka ndogo. Namba yenyewe ni ya kweli, kwa mashine. Mtu anavuta tofauti kabisa. Ubongo uliozoea nikotini unajua kiasi chake, ukipewa moshi uliochanganywa na hewa utakudai kilichobaki, na wewe bila hata kujua unavuta kwa nguvu mpaka mashavu yanaingia ndani, unavuta mara nyingi zaidi kwa kila sigara, unaushikilia moshi kifuani kidogo kabla hujautoa, unaivuta mpaka inakaribia kuunguza filta, au ile pakiti iliyokuwa inakutosha siku mbili unashangaa imeisha siku moja. Na vile vitundu vipo hapo hapo midomo na vidole vinaposhikia, kwa hiyo wengi wanaviziba nusu au vyote na hawajawahi kuambiwa kama vipo.

Ile tume ya serikali ya Marekani iliyokuwa inasimamia kipimo hicho ilikuja kukiondolea baraka zake mwaka 2008, na Ulaya sheria ya mwaka 2014 ikakataza namba hizo zisiandikwe tena kwenye pakiti, kwa sababu zilikuwa zinawapotosha watu kama wewe.

Unataka ushahidi wa mapafu na sio wa mashine, upo. Marekani walifuatilia watu zaidi ya 940,000 kwa miaka sita kuanzia 1982, matokeo yakachapishwa 2004. Waliokuwa wanavuta sigara zenye filta, ziwe za lami ya wastani, ya chini au ya chini sana, walikufa kwa kansa ya mapafu kwa kiwango kinacholingana. Waliokuwa na hali mbaya zaidi yao ni wale wa sigara kali zisizo na filta kabisa. Kundi lililokuwa na unafuu wa kweli ni la walioacha na wale ambao hawajawahi kuvuta.

Kuna jingine ambalo linaniuma kila nikilikumbuka. Ripoti ya mganga mkuu wa Marekani ya mwaka 2014 ilisema kwamba hatari ya aina moja ya kansa ya mapafu, inayoitwa adenokasinoma, imeongezeka kwa wavutaji kwa sababu ya jinsi sigara zilivyobadilishwa tangu miaka ya 1950. Filta zenye vitundu zimo katika mabadiliko yanayoshukiwa, kwa maana moshi uliolainishwa unavutwa kwa kina zaidi. Yaani ule ulaini unaousikia kama unafuu huenda ndo unaousaidia moshi kufika ndani zaidi.

Na kile kikohozi, dada, nenda ukapimwe. Hata kama kimepungua. Usikiache kwa sababu koo limetulia.

Kaka yangu ananicheka kwamba navuta sigara ya kike. Kweli mimi nikitazama, wanaovuta nyepesi wengi ni wanawake, na wanaume wasomi wasomi hivi wa ofisini. Ni kwa nini? Au ni mtindo tu?

Hili swali nimelipenda maana watu huwa hawaliulizi, wanauliza sigara ina nini, hawaulizi nani anaichagua na kwa nini, wakati hapo ndo penye kiini chenyewe.

Umeona vizuri. Marekani, ambako wamewauliza wavutaji swali hili kwa miaka mingi, nyepesi ilikuwa inachaguliwa zaidi na wanawake, watu wa umri mkubwa kidogo, na watu waliosoma zaidi. Lakini usiishie hapo. Uliza hao watu wana nini kinachowaunganisha. Ni watu waliokuwa wamezisikia habari za kansa na moyo, wakaziamini, wakaingiwa na hofu. Ni watu waliokuwa wanafikiria kuacha. Mtu asiyejali kabisa hana sababu ya kuhangaika na nyepesi, atavuta iliyo karibu. Aliyehangaika ni yule ambaye tayari ndani yake sauti inamwambia acha.

Sasa fikiria kama wewe ndo unauza sigara, mwaka ni 1970 na kitu, wateja wako wanasoma magazeti, wanaambiwa inaua, na wanaoamini haraka zaidi ndo wanaotaka kuondoka. Utawashikaje? Lilikuwepo tangazo la sigara moja huko Marekani miaka hiyo, jina lake True, ambapo mtu anasema kwamba baada ya yote aliyoyasikia aliamua moja kati ya mawili, ama aache ama avute True, na yeye anavuta True. Soma tena taratibu. Hawakumwambia mtu kwamba sigara haina madhara. Walimkuta amesimama mlangoni anataka kutoka wakamwekea kiti hapo hapo mlangoni.

Na wengi sana tulikaa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya sigara 80 kati ya kila 100 zilizouzwa Marekani zilikuwa hizo zilizopimwa na mashine zikaonekana zina lami kidogo. Mwaka 2006 jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho huko, Gladys Kessler, aliandika hukumu ya kurasa zaidi ya 1,600, na moja ya mambo aliyoyakuta ni kwamba makampuni makubwa ya sigara yalijua siku nyingi kuwa mvutaji wa nyepesi anafidia kwa kuvuta zaidi, ila yakaendelea kuziuza kama njia ya mtu anayejali afya. Kwa hiyo ukiniuliza ni mtindo tu, hapana, haukuwa mtindo uliojiotea wenyewe.

Kuhusu kaka yako kukucheka, mwambie hakuna sigara ya kike. Yupo mtu aliyeogopa akatafuta nafuu, na huyo wala hastahili kuchekwa. Ila na yeye mwenye ile kali asijione shujaa, maana kuna imani nyingine ya upande wao, kwamba wanaume wa kweli mapafu yao yanahimili. Hayahimili.

Pakiti yangu siku hizi haina neno laiti, imeandikwa rangi tu, gold. Ni sigara ile ile au wamebadilisha?

Ile ile.

Nieleze kidogo ilivyokuwa. Brazil walikataza hayo maneno mapema, 2001. Nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata kuanzia Septemba 2003. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa 2003 na kuanza kufanya kazi 2005, unazitaka nchi wanachama zizuie maneno yanayompotosha mvutaji kuhusu madhara, na umeyataja kabisa, lami kidogo, nyepesi, nyepesi sana, laini. Marekani wao ilikuwa Juni 2010. Basi neno likaondoka, rangi ikaingia. Marlboro Lights ikawa Marlboro Gold. Rangi ya dhahabu, ya fedha, nyeupe, bluu iliyopauka, kadiri rangi inavyofifia ndivyo mtu anavyoelewa kuwa hii ni nyepesi zaidi, bila mtu yeyote kumtamkia. Wavutaji wa Marekani walipoulizwa mwaka mmoja baada ya katazo, 92 kati ya 100 walisema wanaitambua sigara yao bila shida. Na wewe mwenyewe umeniuliza ukiwa unajua kabisa ni ipi.

Kumbe imani ilishahama kutoka kwenye neno ikaenda kwenye rangi. Ndo maana Australia mwaka 2012 waliamua kuondoa hata rangi, pakiti zote zikawa za rangi moja mbaya mbaya na picha kubwa za magonjwa.

Na zile nyembamba ndefu? Na za menthol?

Nyembamba ina tumbaku kidogo zaidi lakini moshi wake ni moshi tu, na anayezivuta anaweza kufidia kwa kuvuta nyingi. Menthol inapoza koo, yaani kazi ile ile ya vitundu ila kwa njia ya ladha, na inamfanya anayeanza asione ukali wa kumkimbiza. Ulaya walizikataza Mei 2020. Hakuna nafuu humo.

Mimi nina mpango. Nilianza na kali, nikashuka ya kati, sasa nipo laiti, mwakani naenda ile ya chini kabisa, alafu naacha. Nashuka ngazi polepole. Si ndo njia ya busara?

Ndugu yangu, nakuelewa sana maana hiyo ngazi nimeikalia. Kila nikishuka kidaraja kimoja nilikuwa najisikia nimefanya kazi kubwa, na kile kisauti cha kuniambia acha kinanyamaza miezi mingi. Hapo ndo penye hatari. Hofu yako ya sigara ni mali, ndo itakayokutoa, na kila ukihamia nyepesi zaidi unaitumia kidogo kununua utulivu, siku ya kuacha kweli unakuta haipo mfukoni.

Sisemi kwa kujihisi tu. Mwaka 2000 Marekani waliulizwa watu zaidi ya 12,000 waliowahi kuvuta, na wale ambao waliwahi kutumia nyepesi kwa lengo la kupunguza hatari ndo walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa wameshaacha, ukilinganisha na wale ambao hawakupita huko. Sasa utafiti wa kuuliza watu mara moja hauwezi kuthibitisha nini kimesababisha nini, hilo nalijua, lakini unaendana kabisa na mnachoniandikia hapa kila mwezi.

Alafu ngazi yenyewe haishuki. Daraja zote ziko usawa mmoja, nikotini unayopata ni karibu ile ile kwa sababu unafidia, kwa hiyo ukifika "ya chini kabisa" mwili wako una utegemezi ule ule ulioanza nao. Kupunguza idadi nako, ukisema nitabaki na moja tu kwa siku, kwa moyo hakusaidii unavyodhani. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2018 zilionyesha kwamba anayevuta moja kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mwenye kuvuta 20. Sio moja ya ishirini, ni karibu nusu. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimeelewa vibaya.

Ukitaka kushuka, shusha nikotini yenyewe kwa kitu kinachoshuka kweli. Zipo plasta za nikotini za kubandika kwenye ngozi, zipo bigijii zake, kiasi kinajulikana na kinapunguzwa kwa wiki, na mwili unaipata nikotini bila moshi, maana kinachoua zaidi ni moshi, humo ndo mna lami, mna kaboni monoksidi na kemikali zaidi ya 60 zinazojulikana kuleta kansa. Kubandika plasta na kutumia bigijii pamoja kunasaidia zaidi kuliko kimoja peke yake. Zipo na dawa za vidonge ambazo daktari anaandika, na mwenye mimba au ugonjwa wa moyo asianze chochote kabla hajaongea na daktari. Panga tarehe, iwe ndani ya wiki mbili, usiseme mwakani, na siku hiyo usibaki na pakiti ya akiba ya "ikitokea". Zile siku tatu nne za mwanzo arosto ni kali, mikono haijui pa kwenda, usingizi unakatika, unamkaripia mtu asiye na kosa, alafu inaanza kulegea wiki kwa wiki. Ukianguka ukavuta moja, hujafeli, rudi siku hiyo hiyo. Mimi nilianguka mara nne.

Na usiniambie umechelewa. Ndani ya siku moja au mbili ile kaboni monoksidi inakuwa imetoka kwenye damu. Baada ya mwaka hatari ya ziada ya moyo inashuka kama nusu. Hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu inachukua miaka kama 10 kushuka nusu, ndo maana kila mwaka unaoupoteza kwenye hiyo ngazi una uzito.

Dada, mume wangu anavuta nyepesi miaka mingi. Kila nikimwambia aache ananijibu "hizi sio kama zile", mazungumzo yanaishia hapo au tunagombana. Nimsomee ulichoandika?

Usimsomee, mama. Ukimsomea habari za vitundu na mashine atasikia kitu kimoja tu, kwamba amekuwa mjinga miaka yote hiyo, na mtu akiitwa mjinga anajitetea, ndo mnagombana. Na hakuwa mjinga, alidanganywa kwa kitu kilichotengenezwa kwa makusudi ili mtu makini akiamini.

Mimi ningeanzia kwingine. Kumbuka kwamba huyo mtu siku moja aliziacha zile kali. Kuna siku alitishika, pengine alikohoa kitu, pengine alimzika rafiki, pengine mtoto alimwambia neno, akaamua kubadilisha. Inawezekana hajawahi kukusimulia. Subiri muda mtulivu ambao hajashika sigara, asiwe amechoka, umuulize tu bila ya kuongeza neno la kuacha: "Hivi wewe ulihamia hizi lini, na siku ile ulikuwa unaogopa nini?" Alafu nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata kama atachukua muda kuanza.